Mayi ya moto na wenye udongo: yale Bogoria inatufundisha, sisi wa Masisi na Walikale

Kila mara tunapoongea juu ya maendeleo, kuna swali moja ambalo linarudi. Kama Mungu ametupatia milima, misitu, maziwa na mayi ya moto yanayotoka chini ya udongo, kwa nini hatuna fasi ya kupokea watalii sawa vile wenzetu wa Kenya, Uganda ao Rwanda? Vijana wanauliza hivyo, na wako na haki. Wanaona kwenye simu picha za watu wanaoga ndani ya mayi yenye moshi, hoteli iko pembeni, na wanafikiri: hata kwetu inawezekana.

Jibu la haraka ni vita na barabara. Kutoka Goma kufika Walikale, kila mtu anajua mateso ya njia ile. Lakini kuna swali lingine ambalo hatuulizi sana: siku amani itakapotulia na mtu wa makuta atakuja kujenga, wakaaji wa kijiji watabaki wapi? Ndani ya uzio ao inje? Ili kujibu, leo tunaenda mbali kidogo, mpaka Ziwa Bogoria, inchi ya Kenya. Kule hoteli ilijengwa na watalii walikuja. Lakini wenye udongo walipoteza fasi yao, wakafika mpaka mbele ya Komisheni ya Afrika. Historia yao inatugusa kuliko tunavyofikiri.

Mayi yanapata moto wapi?

Tuanze na mambo ya udongo wenyewe. Afrika ya mashariki inapasuka polepole sana, milimita chache kila mwaka. Ule mpasuko ndio watu wa masomo wanaita Bonde la Ufa. Uko na matawi mawili. Tawi la magharibi linapita kwetu: Ziwa Albert, Ziwa Edward, Ziwa Kivu, Ziwa Tanganyika. Tawi la mashariki linapita Ethiopia, Kenya na Tanzania. Bogoria iko kwenye lile la mashariki. Kwa hiyo sisi na watu wa Bogoria tuko sawa watoto wa baba mmoja: ufa ni mmoja, matawi ni mawili.

Kwenye ufa, moto wa chini uko karibu na juu kuliko fasi zingine. Mvua inanyesha kwenye milima, mayi yanaingia ndani ya nyufa za mawe, yanashuka chini sana, yanapata moto, kisha yanapanda tena kupitia ufa mwingine. Wakati yanatoka, yanabeba chumvi na gesi za mawe yaliyopitia. Ndiyo sababu mayi hayo mara nyingi yako na harufu ya yai bovu, na ndiyo sababu ngombe wanapenda kulamba udongo wa pembeni.

Si lazima volkano iwe karibu. Lakini kwetu volkano ziko. Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, 2002 na 2021. Nyamulagira nayo, kwenye mlipuko wa 1938 mpaka 1940, ilishusha mawe ya moto mpaka ndani ya Ziwa Kivu upande wa Sake. Mambo ya mayi ya moto ya Kivu yaliandikwa tangu zamani za wakoloni: mwaka 1933 mtaalamu wa mawe Nicolas Boutakoff alichapisha kazi nzima juu ya chemchemi hizo. Alitafuta kuelewa nyufa za udongo, na namna chemchemi zinaweza kusaidia wenye kutafuta madini.

Hapa kuna onyo moja. Ule ufa unaoleta mayi ya moto unaleta pia mazuku. Watu wa Sake na wa pembeni ya ziwa wanayajua: ni gesi isiyo na rangi, nzito kuliko hewa, inalala kwenye mashimo na mabonde madogo, zaidi usiku na asubuhi mbele jua halijapanda. Inaua mbuzi, inaua ndege, inaua na watu. Kwa hiyo mtu akikuta mayi yanatoa povu fasi ya chini, asilale pale na asiache watoto wachezee pale, hata kama mayi ni mazuri kwa kuoga.

Mayi ya moto ya jirani

Mfano wa karibu ni Mayi-ya-Moto, teritwari ya Rutshuru, kwenye barabara kubwa inayotoka Kiwanja kwenda Kanyabayonga. Jina linasema kila kitu. Iko ndani ya Parke ya Virunga, ile ambayo Wabelgiji waliunda mwaka 1925 kwa jina la Parke Albert. Zamani wasafiri wengi waliokwenda kuangalia wanyama kule Rwindi walipitia pale. Leo, mtu akisikia jina hilo, anafikiri kwanza usalama wa njia, si kuoga.

Upande wa Rwanda, karibu na Gisenyi, kuna mayi ya moto ya Nyamyumba, pembeni kabisa ya Ziwa Kivu, si mbali na kiwanda cha pombe cha Bralirwa. Watu wengi wa Goma wamefika pale. Hakuna jengo kubwa: mtu anaingia ndani ya mayi, vijana wa pale wanamkanda, analipa, anarudi nyumbani.

Uganda kuna Kitagata, wilaya ya Sheema. Kule kuna chemchemi mbili. Moja watu wanasema ilikuwa ya Omugabe, ni kusema mfalme wa Ankole. Ingine inaitwa Mulago, sawa vile hospitali kubwa ya Kampala, kwa sababu wagonjwa wanakwenda pale kutafuta nafuu.

Na Kongo yetu iliwahi kufanya kitu ambacho wengi hawajui. Mwaka 1952, kule Kiabukwa, ndani ya Katanga, mayi yenye joto la digri 91 yalitumiwa kutoa umeme, karibu kilowati 200, kwa kazi ya madini. Ni moja ya mitambo ya kwanza ya namna hiyo katika dunia nzima. Kisha ikasimama. Ni kusema mayi ya moto si ya kuoga tu. Ni mali, na mali siku zote inaita watu.

Tuseme pia neno moja juu ya afya. Mayi ya moto yanalegeza mishipa na kupunguza maumivu ya viungo, hiyo ni kweli. Lakini hayaponyeshi malaria wala ukimwi, na kuyakunywa si vizuri, kwa sababu mayi mengi ya ufa yako na fluori nyingi inayoharibu meno na mifupa ya watoto. Mgonjwa aoge kama anapenda, lakini asiache dawa ya hospitali.

Bogoria: ziwa la wazee

Sasa twende Bogoria. Ni ziwa refu na jembamba ndani ya kaunti ya Baringo, lenye urefu wa karibu kilomita 17. Mayi yake ni ya chumvi, samaki hawaishi mule. Lakini ndege aina ya flamingo wanafika kwa maelfu na maelfu, mpaka ukingo unakuwa rangi ya waridi. Pembeni, mayi yanachemka yanaruka juu mita kadhaa, na moshi unaonekana toka mbali. Watalii walizoea kuleta mayai na kuyapika ndani ya mayi hayo.

Wazungu waliliita Ziwa Hannington, kwa jina la askofu James Hannington, aliyepita pale mwaka 1885, mbele ya kuuawa Busoga mwaka uleule. Lakini ziwa lilikuwa na watu wake tangu mbele ya askofu. Ni Waendorois, kabila la wafugaji, leo karibu watu 60 000.

Kwao ziwa halikuwa fasi ya kutembea tu. Wanaamini kwamba roho za wafu wao wote, hata wakizikwa mbali, zinakaa ndani ya ziwa. Walifanya pale sherehe zao. Ngombe na mbuzi walilamba chumvi ya pembeni na kupata nguvu. Wakati wa mvua walikaa karibu na ziwa, wakati wa jua kali walipanda msitu wa Mochongoi. Hakuna aliyekuwa na karatasi, na hakuna aliyefikiri kwamba siku moja ataombwa karatasi.

Mwaka 1973

Mwaka 1973 serkali ya Kenya ilitangaza kwamba udongo wa kuzunguka ziwa umekuwa hifadhi ya wanyama. Waendorois waliambiwa wahame.

Tusikilize vizuri namna walivyoelezea mbele ya Komisheni, kwa sababu hapa ndipo kuna somo. Walisema wakubwa wa serkali waliwaahidi mambo mengi: familia 400 zitapewa udongo mwingine wenye rutuba, asilimia 25 ya makuta ya watalii itakuwa yao, asilimia 85 ya kazi za hifadhi itapewa watu wao, watajengewa mabwawa ya mayi safi na fasi za kuogeshea ngombe dawa. Ahadi nzuri sana.

Kisha miaka ikapita. Mwaka 1986, kwenye zile familia 400, familia 170 zilipata shilingi 3 150 za Kenya kila moja. Ngombe wengi walikufa kwa sababu fasi walikopelekwa ilikuwa kavu. Wazee walipotaka kuingia kufanya sherehe zao kwenye ziwa, walikutana na mlango na mlinzi.

Wakati huo utalii ulikua. Karibu na mlango wa Loboi kuna hoteli, Lake Bogoria Spa Resort, yenye bwawa la kuogelea linalopata mayi ya moto ya chini. Tuseme wazi: mashitaka ya Waendorois hayakuwa juu ya hoteli. Yalikuwa juu ya serkali ya Kenya. Hoteli inaweza kuwa kitu kizuri, inatoa kazi. Swali lilikuwa moja: nani alikubali, na nani anakula?

Njia ndefu ya haki

Waendorois walianza nyumbani. Mwaka 2002 tribinali kubwa ya Nakuru ilikataa maneno yao. Hawakurudi nyuma. Mwaka 2003, wakisaidiwa na mashirika mawili, moja la Kenya na moja la Uingereza, walipeleka mashitaka kwenye Komisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao Banjul, inchi ya Gambia.

Uamuzi ulitoka mwezi wa Novemba 2009, na mwezi wa pili 2010 Umoja wa Afrika uliukubali. Komisheni ilisema Kenya ilivunja haki zao za dini, za mali, za utamaduni, za utajiri wa asili, na haki yao ya maendeleo.  Ilisema pia kitu kikubwa kwetu: kukosa karatasi ya udongo hakumaanishi kwamba watu hawana haki juu ya udongo wa wababu wao. Iliomba Kenya iwarudishie udongo, iwaache waingie kwenye ziwa kwa sherehe na malisho, iwalipe hasara, na iwape sehemu ya makuta ya utalii.

Wangapi kati yetu wanajua kwamba Kongo nayo ilikubali mkataba uleule wa Afrika, tangu mwaka 1987?

Lakini tusidanganyane. Ushindi wa karatasi si ushindi wa udongo. Mwaka 2011 ziwa liliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO, na Komisheni ililalamika kwamba Waendorois hawakuombwa ruhusa yao. Mwaka 2014 serkali iliunda kundi la kuangalia namna ya kutekeleza uamuzi, lakini kazi ilikwenda polepole sana. Kisha, miaka hii ya nyuma, maziwa ya bonde lile yamepanda kwa mvua nyingi. Bogoria imefunika barabara, majengo na hata sehemu ya zile chemchemi ambazo watalii walikuja kuona. Mtu aliyetegemea watalii tu ameona namna mali hiyo inaweza kuzama.

Na kwetu?

Msomaji wa Masisi atasema: hii historia naijua, majina tu ndiyo yamebadilika. Ni kweli. Masisi imeona mashamba makubwa ya wazungu, kisha mafarm ya ngombe yenye karatasi zilizotoka mbali, na watu wa kijiji kujikuta wanalima kwa kuomba ruhusa. Walikale imeona parke: Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na mwaka 1975 ikapanuliwa mpaka kilomita za mraba 6 000, ikaingia ndani ya Walikale. Watu walijikuta ndani ya mipaka ambayo hawakuchora.

Sheria yetu inasema nini? Sheria ya udongo ya mwezi wa saba 1973, angalia mwaka, ni uleule wa Bogoria, inasema udongo wote ni mali ya Serkali. Ilisema pia kwamba udongo ambao jamii zinakaa kwa desturi utapangwa na ordonansi ya rais. Miaka kumi, ishirini, arobaini ilipita, watu wanangojea ordonansi hiyo. Na juu ya mayi ya moto yenyewe, sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inahesabu mayi ya chini na moto wa chini kuwa mali ya Serkali. Kwa hiyo mtu anayesema «chemchemi hii ni ya kijiji chetu» anasema ukweli wa wababu, lakini mbele ya ofisi anahitaji zaidi ya hapo.

Kuna milango mitatu ambayo iko wazi, na watu wengi hawaijui.

Wa kwanza ni uchunguzi wa mbele, ule ambao kwa Kifaransa unaitwa enquête préalable. Sheria ya 1973 inaomba kwamba mbele ya kutoa konsesio kwenye udongo wa vijijini, mkubwa wa serkali afike palepale, aangalie nani anatumia udongo ule, asikilize wenye malalamiko, aandike. Uchunguzi ukifanyika ndani ya ofisi Goma, bila kufika kijijini, wakaaji wako na haki ya kuukataa.

Wa pili ni misitu ya jamii. Dekreti namba 14/018 ya mwezi wa nane 2014 inaruhusu jamii kuomba konsesio ya msitu wao, mpaka hektari 50 000, bila kikomo cha miaka. Walikale ni moja ya fasi ambazo jamii zimetumia njia hiyo. Kama chemchemi iko ndani ya msitu kama huo, mgeni anayetaka kujenga atakuta jamii yenye karatasi mkononi.

Wa tatu ni kwa ndugu zetu Wambuti na Watwa. Sheria ya mwaka 2022 juu ya haki zao inatambua haki yao juu ya udongo na mali ya asili fasi wanakaa. Na mwaka 2024 uamuzi wa Komisheni ya Banjul juu ya Watwa waliofukuzwa Kahuzi-Biega ulijulikana hadharani: uliwapa haki, ukifuata njia iliyofunguliwa na Waendorois.

Maswali ya kuuliza siku mgeni atakapokuja

Siku moja gari itapanda, mgeni atashuka na viatu vizuri, atasema anataka kujenga fasi ya watalii kwenye mayi ya moto. Msimfukuze. Lakini mbele ya mwami, shefu wa groupement na wazee kuweka sahihi, ulizeni haya:

– Mipaka inaanzia wapi na kuishia wapi? Itembezwe kwa miguu, mbele ya vijana na wamama, si kwenye ramani tu.

– Wakaaji wataendelea kuoga, kuchota na kulisha ngombe? Siku gani, saa gani, kwa bei gani?

– Kazi ngapi ni za watoto wa hapa, na kazi gani? Si kulinda mlango tu.

– Asilimia gani ya makuta itabaki kijijini, nani ataishika, nani ataihesabu?

– Fasi za wazee, za sherehe na za makaburi zitalindwa namna gani?

– Mkataba ni wa miaka mingapi, na kopi iko wapi?

Lile la mwisho ndilo kubwa. Waendorois waliahidiwa asilimia 25 na asilimia 85 kwa mdomo. Miaka 30 baadaye walikuwa wangali wanaeleza ahadi hizo mbele ya waamuzi. Kwa hiyo kila kitu kiandikwe, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kisomwe kwenye barza watu wote wakisikia. Kopi moja ibaki kwa shefu, moja kwa sosiete sivili, moja kwa kanisa ao shule, kwa sababu tunajua namna karatasi zinaungua wakati wa vita.

Na kuna kazi ambayo haingojei mgeni wala amani kamili. Wazee wanaojua majina ya chemchemi, nani aliogea pale, nani alifanya sherehe pale, mpaka ulipita wapi, wanakufa moja moja, wengine kwenye kambi za wakimbizi mbali na udongo wao. Kijana mwenye simu anaweza kurekodi sauti ya babu yake leo. Mbele ya Komisheni, masimulizi ya wazee wa Bogoria yalikuwa sehemu ya ushahidi wa Waendorois. Kama uko na mzee kama huyo nyumbani ao kambini, mrekodi, na kama anakubali, tuletee sauti yake kwenye redio. Tutaipitisha hewani na kuichunga.